Tusome ya Rwanda, Tuseme ya Likoni

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa kuwa vikundi vingi viliomba nakala.)

   

Niliombwa niseme juu ya mafundisho ya mauaji ya kimbari, na jinsi vikundi vyetu vinavyoweza kuyatumia ili watu wa dini mbalimbali na makabila mbalimbali waelewane. Najua wengine wenu mlipopata barua mlijiuliza: sisi tuna kuku wetu, tuna meri-go-raundi yetu, tuna tangi la maji linalovuja, sasa mambo ya Rwanda yanatuhusu nini? Mama mmoja wa Changamwe ameniambia hapo mlangoni, "Mwalimu, leo umetuletea matanga." Sawa mama, lakini matanga huwa na chai, na chai ipo.

Kwanza tulielewe neno lenyewe. Mbari ni ukoo, ni watu wa asili moja. Mauaji ya kimbari ni pale watu wanapouawa si kwa jambo walilotenda bali kwa jinsi walivyozaliwa, na nia ya wauaji ni kuwamaliza. Neno la kizungu la jambo hili liliundwa mwaka 1944 na mwanasheria Myahudi wa Poland aitwaye Raphael Lemkin, wakati Wayahudi wa Ulaya walikuwa wakiuawa na serikali ya Hitler, jumla yao wakafika milioni sita. Tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa kuzuia kosa hilo. Hapa Afrika lilikuwa limeshatendeka kabla, kwani kati ya mwaka 1904 na 1908 Wajerumani waliwaua Waherero na Wanama kule tunakokuita leo Namibia. Hayo yote yafaa kusomwa. Lakini mimi leo nataka tushike Rwanda, kwa sababu ni jirani, kwa sababu maneno ya lugha yao tunayasikia masikioni kama ya kwetu, na kwa sababu nyingine ambayo watu wengi wa Mombasa hawaijui.

Walikuwa hapa hapa

Tarehe 18 Julai 1997, hapa Mombasa, alikamatwa mtu aitwaye Hassan Ngeze. Huyu ndiye alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura, lililokuwa likiwafundisha Wahutu wa Rwanda kuwachukia Watutsi kwa miaka kadhaa kabla ya mauaji. Siku tano baadaye, tarehe 23 Julai, akakamatwa mwingine, tena hapa hapa Mombasa: Georges Ruggiu, mzungu wa Ubelgiji, aliyekuwa mtangazaji wa redio RTLM, redio iliyochochea mauaji yenyewe. Wote wawili walipelekwa Arusha kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa. Ruggiu alikiri makosa yake, akafungwa miaka 12 mwaka 2000. Ngeze alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2003, na rufaa ya mwaka 2007 ikapunguza kikawa miaka 35.

Sasa hesabuni siku. Ruggiu alitiwa pingu tarehe 23 Julai 1997. Tarehe 13 Agosti, wiki tatu kamili baadaye, kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa usiku. Sisemi kwamba watu wale wawili walihusika na ya Likoni. Hapana, na mkimsikia mtu akisema hivyo, mwulizeni amelitoa wapi. Ninachosema ni kwamba watu waliofundisha taifa zima kuua kwa mdomo na kwa kalamu walikuwa wakitembea katika mji wetu, na sisi hatukuwa tumejifunza lolote kutokana na somo lao. Mwezi uliofuata tulisoma darasa letu wenyewe.

Jina huja kwanza

Mauaji ya Rwanda yalianza baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa tarehe 6 Aprili 1994. Kwa muda wa siku mia moja hivi, kutoka Aprili hadi Julai, waliuawa watu zaidi ya 800,000. Serikali ya Rwanda huhesabu zaidi ya milioni. Wengi sana walikuwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Silaha kubwa ilikuwa panga, panga hili hili la kufyekea shamba, na mkono ulioishika mara nyingi ulikuwa wa jirani.

Lakini watu hawaamki siku moja wakaua jirani. Wabelgiji walipotawala, miaka ya 1930, waliandika kabila kwenye kitambulisho cha kila mtu: huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Miaka sitini baadaye karatasi hiyo ndiyo iliyoulizwa kwenye vizuizi vya barabarani. Chetu cha Kenya hakiandiki kabila, tushukuru, ingawa kwa miaka mingi kimeandika wilaya na lokesheni, na sote tunajua jinsi macho ya watu wengine yanavyokimbilia hapo kwanza.

Halafu ikaja redio. RTLM ilianza Julai 1993. Msidhani ilianza kwa kusema "ueni". Ilipiga muziki mtamu, watangazaji walifanya mzaha, vijana waliipenda. Ndani ya mzaha Watutsi waliitwa inyenzi. Inyenzi ni mende. Hebu fikirini, mende ukimwona jikoni hufanyi kikao. Humwulizi ana watoto wangapi. Unamponda kwa kandambili, unaendelea kupika. Hiyo ndiyo kazi ya jina baya: linamwondoa mtu katika hesabu ya watu, ili siku ikifika mkono usitetemeke.

Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi wetu, Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kitaifa, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Mende alikuwemo. Madoadoa yalikuwemo, ambayo wenzetu wa Bonde la Ufa wanayajua tangu miaka ya tisini. Na kulikuwa na maneno haya: "wabara waende kwao". Haya hayakutoka Kigali, ndugu zangu. Haya tumeyapika sisi, hapa, na wengine tumeyasema tukingoja feri. Na watu wa bara nao wasicheke. "Wapwani wavivu", "Mwarabu", "gaidi" kwa kila kijana mwenye kanzu, hayo nayo yana wenyewe, na wenyewe wako humu ndani.

Ya Likoni, bila kuongeza wala kupunguza

Wacha niseme wazi: ya Likoni hayakuwa mauaji ya kimbari. Tusikuze jambo, manake ukiita kila kitu kwa jina kubwa, jina lenyewe linakufa. Yalikuwa mashambulizi ya kikabila yaliyopangwa kwa ajili ya siasa, miezi minne kabla ya uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1997. Lakini vipande vyake, ukivipanga mezani, utavitambua. Kulikuwa na vijikaratasi vya kuwaambia wabara waondoke. Kulikuwa na kiapo, vijana wakilishwa msituni Kaya Bombo, upande wa Kwale. Kulikuwa na ahadi: mkiwaondoa hawa, ardhi yenu, nyumba zenu, kazi zenu. Halafu usiku ule wa 13 Agosti wakavamia kituo, wakaua polisi sita, wakachukua bunduki zaidi ya 40, wakaanza kutafuta Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya. Vibanda vikachomwa kutoka Likoni hadi Ukunda. Watu zaidi ya 100 walikufa katika majuma yaliyofuata, na karibu 100,000 wakahama. Maelfu walilala katika uwanja wa kanisa la Katoliki Likoni, na wengine walirudi bara wasionekane tena.

Hapo ndipo wengi wetu huishia tunaposimulia. Lakini kuna sehemu ya pili. Baada ya mashambulizi, askari waliingia Likoni na Kwale, wakawakamata watu kwa mamia, wengi wao Wadigo ambao hawakuwa wameingia msitu wowote. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika juu ya waliopigwa na kuteswa. Kwa hivyo leo katika chama kimoja cha akina mama utamkuta aliyechomewa kibanda ameketi karibu na mama ambaye mwanawe alirudishwa nyumbani hawezi kutembea. Wanachanga pamoja kila juma. Wanazikana. Na kwa miaka yote hiyo hawajawahi kulitaja jambo hilo. Kila mmoja anadhani mwenzake hakuumia.

Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998 kuchunguza. Ilimaliza 1999, ripoti ikafungiwa kabatini hadi 2002. Ni ndefu, wachache wameisoma.

Na ardhi? Siwezi kuipita. Mtu wa Pwani aliyeishi maisha yake yote kama skwota juu ya kiwanja alichozikwa babu yake ana uchungu wa haki. Wakoloni waliandikisha mashamba kwa sheria ya mwaka 1908, na wengi wa wenyeji hawakupata karatasi. Hapa Likoni tumeona wenyewe shamba la Waitiki, ekari 930, jinsi lilivyovamiwa na jinsi serikali ilivyokuja kulinunua na kutoa hati mwaka 2016. Mafundisho ya mauaji ya kimbari hayamwambii mtu anyamazie haki yake. Yanamwonyesha ni wakati gani mwanasiasa anachukua uchungu wake wa kweli na kuuelekeza kwa mama muuza omena, ambaye hana hata ekari moja.

Tuna methali, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni ya wazee, naiheshimu, lakini kwa mambo ya uvumi mimi methali hii siipendi hata kidogo. Inafanya kazi ya RTLM bure bila mshahara.

Dini zetu na damu

Hapa Wakristo na Waislamu tuvumiliane, maana kila mmoja ana lake.

Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo, Wakatoliki ndio wengi. Watu walikimbilia makanisani wakidhani watapona, na wakauawa humo, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Kule Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliokuwa ndani, na padri wa parokia, Athanase Seromba, akahukumiwa Arusha kwa kosa hilo; rufaa ya mwaka 2008 ikampa kifungo cha maisha. Maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha mwaka 2016, na Papa Fransisko mwaka 2017. Tukiyaficha haya katika gazeti la kanisa, nani atatuamini tukisema mengine?

Waislamu wa Rwanda, ambao wengi walijulikana kama Waswahili kwa sababu ya lugha, walikuwa wachache. Mtaa wao mkubwa Kigali ni Nyamirambo. Wengi wao waliwaficha Watutsi majumbani na misikitini, na jambo hilo lilikumbukwa sana baada ya vita. Lakini Hassan Ngeze naye alikuwa Mwislamu. Kwa hivyo asisimame mtu hapa akasema dini yangu haikushika panga.

Na alikuwepo bibi mmoja ambaye hakuwa padri wala shehe. Jina lake Zura Karuhimbi, mganga wa miti shamba katika eneo la Ruhango. Alikuwa mjane, mzee tayari. Aliwaficha watu zaidi ya 100 katika kijumba chake na shambani. Wauaji walipokuja, bibi alijipaka mikono majani yenye kuwasha, akawashika ili wawashwe, akatikisa bangili zake na kuwaambia wakiingia watawaamsha mizimu. Vijana wenye mapanga, walevi wa damu, wakaogopa, wakaondoka. Hakuwa na uchawi wowote, alisema mwenyewe baadaye. Alikuwa na akili, na alijua wale vijana wanaogopa nini. Alifariki Desemba 2018. Mimi nikisimulia habari hii kwa akina mama wa Pwani wanacheka, halafu wananyamaza, halafu mmoja anaanza kusimulia nani alimficha nani mwaka 1997. Mlango unafunguka hapo.

Maana waliofichwa Likoni wapo. Kuna Wadigo walioficha Wajaluo chini ya kitanda. Hawasemi, kwa kuwa waliogopa kuitwa wasaliti, na hakuna aliyewauliza tena.

Vijana wapewe mfano wa vijana. Tarehe 18 Machi 1997, mwaka ule ule wetu, wauaji waliingia shule ya sekondari ya Nyange, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Wanafunzi walikataa, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Walishambuliwa pamoja, wengine wakafa pamoja. Hapa Kenya, tarehe 21 Desemba 2015, basi lilisimamishwa karibu na El Wak likielekea Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Waliwapa hata vitambaa vya kujifunika. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi hapo, akafariki Januari 2016. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Likoni hii ilikuwa imeona watu sita wakipigwa risasi kanisani siku ya Jumapili mwezi Machi, na mwezi Juni Sheikh Mohammed Idris akauawa karibu na nyumbani kwake. Msiba wa kanisani na msiba wa msikitini, mtaa mmoja, mwaka mmoja.

Jinsi ya kuanza

Hamhitaji projekta wala mfadhili. Mnahitaji kikundi kilicho na watu mchanganyiko, na kama chenu si cha mchanganyiko, mwalike kingine. Wa Kisauni wawaite wa Changamwe. Msipange Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, na mwezi wa Ramadhani acheni. Chakula kiwe cha kila mtu kula bila kuuliza. Chai na mahamri vinatosha. Waongozaji wawe wawili, wa dini mbili, na mmoja wao awe mwanamke.

Mkutano wa kwanza semeni Rwanda peke yake. Msiiguse Likoni. Kidonda cha mwingine ni rahisi kukitazama, na watu wakishajua njia ya kutazama, watakitazama chao. Siku nzuri ni karibu na 7 Aprili, ambayo Umoja wa Mataifa huadhimisha kila mwaka. Msionyeshe picha za maiti, hasa kwa watoto. Mtoto hajifunzi kitu kwa kuogopa, na mtu mzima aliyepita 1997 haitaji kuonyeshwa.

Mkutano wa pili uwe wa maneno. Kila mtu aandike jina baya aliloitwa yeye, si lile analowaita wengine. Asiyejua kuandika amnong'oneze jirani. Karatasi zisomwe kwa sauti bila kusema ni ya nani. Nimeona kazi hii ikifanya watu wazima walie, na nimeona pia kikundi kikicheka hadi kikao kikavunjika. Yote mawili ni sawa, rudieni tu juma linalofuata.

Mkutano wa tatu ndio wa 1997, na hapo muwe na sheria. Mtu aseme "niliona", asiseme "nilisikia". Asitaje jina la anayemshuku. Anayetaka kukaa kimya akae. Na zisikike pande zote mbili siku ile ile, wa kuchomewa na wa kuteswa, la sivyo nusu ya watu watatoka wakiwa na hasira kuliko walivyoingia.

Mtaambiwa mnafukua makaburi. Jibuni kwa upole kwamba watoto wetu tayari wanasimuliwa, vibandani na kwa sauti za WhatsApp, na msimulizi wa huko hana waongozaji wawili. Viongozi wa dini wa Pwani walilijua hilo mapema, ndiyo maana baada ya machafuko yale lilizaliwa baraza la CICC, ambamo maaskofu, mashehe, wazee wa kimila na Wahindu hukaa meza moja. Lakini meza ya viongozi ni moja. Vikundi ni mamia.

Swali

Mzee mmoja wa Shika Adabu aliuliza: "Na ikiwa siku hiyo mtu atasimama aseme, mimi ndiye nilichoma kibanda cha mama huyu?"

Mzee, asante. Rwanda waliunda mahakama za vijijini, gacaca, zikasikiliza kesi karibu milioni mbili hadi zilipofungwa mwaka 2012. Zilikuwa na sheria ya serikali nyuma yake. Sisi si mahakama. Kikundi hakiwezi kumsamehe mtu kwa niaba ya mwenye mali, wala hakiwezi kumwahidi kwamba hatashtakiwa. Kama ni damu, hilo ni la sheria na mwambieni hivyo. Kama ni kibanda, katibu aweke kalamu chini, lisiandikwe kwenye minitsi. Simamisheni kikao. Wazee wawili, mmoja wa kila upande, waende kumkalia mama yule, wamwulize anataka nini, na kama hataki kitu leo, asisukumwe. Anaweza kutaka mwezi mzima. Anaweza kutaka mabati. Na kabla hamjaondoka hapo, hakikisheni mmeshapanga nani atamsindikiza mama hadi nyumbani, na nani atamsindikiza yule aliyesema.